Barua ya wazi kwa wakuu wa bima ya magari kuhusu madereva wazee

Kwenu wakurugenzi wa kampuni za bima, wakuu wa vitengo vinavyopanga ada, na wasimamizi wa sekta ya bima serikalini.

YAH: ADA NA MASHARTI YA BIMA YA GARI KWA DEREVA ALIYEPITA MIAKA 70

Waheshimiwa,

Tunaoandika ni madalali wa bima, wakadiria hasara na watu ambao kazi yetu ni kupanga ada. Hatuwaombei wazee huruma. Tunachoomba ni hesabu ifanywe sawasawa.

Mnajua jinsi mambo yalivyo sasa. Dereva akitimiza miaka 70, kisha 75, kisha 80, mfumo unampandisha ngazi wenyewe. Gari ni lile lile, njia ni zile zile, na ana miaka 20 hajawahi kudai hata kioo. Anapokwenda kukata bima upya anakuta bei imeruka, au anaambiwa huduma hiyo haipatikani. Sababu hapewi. Wakala aliyempokea naye haijui, kwa kuwa kikomo cha umri kimefukiwa ndani ya jedwali la ada, na mara nyingine kimetokana na mkataba wa bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima hujikatia kwa kampuni nyingine) uliosainiwa zamani ambao hakuna aliyerudi kuusoma. Kwenye fomu za mtandaoni ni vibaya zaidi: orodha ya miaka ya kuzaliwa inakatika mahali fulani, na aliyezaliwa kabla ya hapo hawezi hata kuanza kujaza.

Umri una uzito wake, hatukatai. Lakini tazameni ajali zenyewe. Kijana huumizwa na mwendo kasi, usiku, gari lililojaa wenzake, na kona iliyomshinda. Mzee huumizwa na makutano, hasa pale anapotaka kukatiza njia ya magari yanayokuja. Amesimama, indiketa inawaka. Inabidi akadirie kasi ya gari linalokuja, aangalie waenda kwa miguu upande anaotaka kuingia, na ageuze shingo ambayo haigeuki tena kama zamani. Nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele nayo inaweza kuficha pikipiki nzima na aliyeipanda. Kila jambo kwa peke yake analimudu. Yakija yote ndani ya sekunde tatu ndipo linapotokea lile neno ambalo wakadiria hasara wamelisoma mara nyingi kwenye fomu za madai: "sikuliona."

Ajali za namna hiyo zinapimika na zinapunguzika. Mtoto wa jicho, kwa mfano, hutolewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia wazee wenye mtoto wa jicho, na waliofanyiwa upasuaji walipata ajali kwa kiwango cha takriban nusu ya wale ambao hawakufanyiwa. Ni kampuni gani kati yenu inayopunguza ada mteja anapoleta cheti cha daktari wa macho baada ya upasuaji? Jedwali linamhesabia miaka 77, na miaka 77 haitibiki.

Kuna kosa jingine la kitaalamu ambalo halina budi kusemwa. Takwimu za vifo kwa kila kilomita huwaonyesha wazee vibaya sana, na sehemu kubwa ya sababu ni udhaifu wa mwili. Mgongano ambao kijana anatoka na michubuko, mzee anavunjika mbavu kwa mkanda wake mwenyewe. Hilo lina nafasi yake kwenye bima ya maisha au ya ajali binafsi. Katika bima ya mtu wa tatu, yaani bima ndogo, mnalipia madhara anayowafanyia wengine, na mbavu zake hazimo. Anayechukua takwimu za vifo vya wazee akapandishia ada ya bima ndogo amechanganya vitabu viwili.

Halafu kuna kilomita, na hapa ndipo tunapoomba mtusikilize zaidi.

Mstaafu wa kawaida haendi kazini kila asubuhi. Wengi wao hujipunguzia hatari wenyewe bila kuambiwa: wanaacha kuendesha usiku, wanakwepa mvua na foleni, wanachagua njia wanayoijua. Gari linalotembea kilomita 4,000 kwa mwaka linatozwa kana kwamba linatembea 16,000. Lakini tuwe wakweli, ada haiwezi kushuka sambamba na kilomita. Anayeendesha kidogo, awe na miaka 35 au 78, huonekana na ajali nyingi kwa kila kilomita, kwa kuwa kilomita zake ni za mjini, zenye makutano na maegesho, wakati mwenye kilomita nyingi huzipata kwenye barabara kuu. Wataalamu wa usalama barabarani wanalijua hilo siku nyingi, na ukiwalinganisha wazee na vijana wenye kilomita sawa, sehemu kubwa ya pengo la umri hupungua.

Basi gawanyeni ada mara mbili. Tuseme ada ya sasa ni 100 kwa wote. Chukueni 40 iwe ya gari lililosimama: wizi, moto, mafuriko, mti kuliangukia, na gharama za ofisi. Hiyo haijali kilomita. Iliyobaki, 60, ni ya barabarani, na imepangwa kwa kilomita 16,000. Mwenye 4,000 ni robo, yaani 15. Mwongezeeni mara mbili kwa sababu kilomita zake ni za mjini, inakuwa 30. Jumla analipa 70. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu kutoka kwenye madai yenu. Mpango wenyewe hauhitaji mitambo: picha ya odometa siku ya kukata bima, picha nyingine siku ya kuhuisha, na kitabu cha sevisi cha gereji kama kuna shaka. Akizidisha kilomita mtozeni tofauti. Msizifanye kilomita zilizozidi kuwa sababu ya kukataa dai, maana mtakuwa mmemtegea.

Hatuwaombi jambo ambalo halijawahi kufanyika. California ilipitisha mwaka 1988 kwa kura ya wananchi kwamba vigezo vikuu vya ada, kwa mpangilio huu, viwe rekodi ya uendeshaji, kilomita za mwaka na miaka ya uzoefu. Hawaii imekataza kabisa umri kutumika kupanga ada ya gari. Massachusetts inawapa waliotimiza miaka 65 punguzo la asilimia 25 kwa sheria. New York anayemaliza kozi ya kujinoa iliyoidhinishwa hupata asilimia 10 kwa miaka mitatu, na kozi hiyo si ya wazee peke yao. Uingereza sheria inaruhusu kutofautisha kwa umri, lakini kampuni inatakiwa iwe imeegemea taarifa za kuaminika, na tangu mwaka 2012 kuna makubaliano kati ya serikali na vyama vya bima kwamba kampuni isiyoweza kumhudumia mtu kwa sababu ya umri imwelekeze kwa anayeweza. Ulaya nako, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba ada zisitofautiane kwa jinsia, na kuanzia Desemba 2012 zikaacha kutofautiana. Kabla ya hapo wengi katika sekta walisema haiwezekani. Bima za magari zinauzwa huko mpaka leo.

Hilo la kumwelekeza mtu kwingine ndilo rahisi kuliko yote, na wasimamizi mnaweza kuliagiza bila kusubiri bunge. Barua ya kukataa iwe na sababu moja iliyoandikwa, na jina la mahali pa kwenda.

Sasa bidhaa zenyewe. Mzee akija dirishani huulizwa: bima kubwa, inayolipia na gari lako, au ndogo? Huo si ushauri. Kati ya hizo mbili kuna ndogo iliyoongezwa moto na wizi, kuna kubwa yenye ekses (kiasi ambacho mteja hujilipia mwenyewe kwenye kila dai) tofauti tofauti, na kuna hesabu ambayo wakala angeweza kuifanya kwa dakika mbili. Tuseme gari lina thamani ya 100. Bima kubwa ni 9 kwa mwaka, ndogo ni 3, tofauti ni 6. Ekses ya kawaida ni 5, lakini kwenye ukurasa wa ndani kuna ekses ya ziada ya umri, 10, ambayo haikutajwa wakati wa kununua. Jumla 15. Sasa mzee anarudi nyuma kwenye maegesho, bampa linapasuka na taa inakwenda nayo. Gereji inasema 12. Hapati kitu. Na madai ya wazee mengi ni ya aina hiyo hiyo: bampa, taa ya nyuma, ubavu wa mlango uliokwaruzwa na nguzo. Kila mwaka analipa 6 kwa ajili ya kinga isiyofanya kazi mpaka hasara izidi 15, na hakuna aliyemwambia.

Miaka ikipita inakuwa kali zaidi, kwa kuwa ekses ni kiasi kilichogandishwa na gari linashuka thamani. Likifika 40, ekses ikabaki 15 na tofauti ya ada ikashuka hadi 5, kikubwa anachoweza kupata ni 25. Tofauti ya ada ya miaka mitano, 25, imemeza malipo hayo yote. Hapo wakala mwaminifu angemwambia ahamie bima ndogo yenye moto na wizi, ila ahakikishe kikomo cha fidia kwa mtu wa tatu hakijapunguzwa kimyakimya. Kwa mwenye gari jipya jibu ni kinyume chake: abaki na kubwa, aombe ekses ya chini hata ada ikipanda kidogo. Tunachotaka ni namba nne ziandikwe juu ya hati kwa herufi za kusomeka: thamani ya sokoni ya gari leo, ekses zote zikiwa zimejumlishwa, kiasi cha juu atakacholipwa, na bei ya daraja la chini yake.

Ajali binafsi iliyobandikwa kwenye bima kubwa nayo itazamwe. Hati nyingi husema malipo hayo yanakoma dereva akifika umri fulani, mara nyingi 70 au 75, na ada haipungui hata senti siku kinga inapokoma. Kama kinga imetoka, bei yake itoke. Ndivyo ilivyo pia kwa gari la kuazima wakati la kwake liko gereji: mmemuuzia huduma hiyo, kisha kampuni ya kukodisha mliyoingia nayo mkataba inamkatalia kwa sababu ana miaka 78. Mkataba huo ni wenu, si wake.

Tuje kwa mjane, kwa kuwa hapa pana uonevu ambao hakuna aliyeukusudia. Mume na mke wameendesha gari moja miaka 30. Bima iko kwa jina la mume, mke ni dereva aliyetajwa. Mume anafariki. Punguzo la kutodai, yaani la ada kwa miaka iliyopita bila dai, linazikwa naye, na mama wa miaka 74 anaanza kwenye sifuri kama mtu aliyepata leseni juzi, huku jedwali la umri likimwongezea juu yake. Mara nyingi wiki hizo hajui hata kwamba bima imekoma kufanya kazi kama alivyozoea, na anaendesha kwenda kushughulikia mambo ya mirathi. Dawa yake ni fupi: siku 90 za kuendelea na mkataba bila kubadilisha kitu, halafu punguzo lihamie kwa mwenzi aliyekuwa ametajwa kwenye hati kwa miaka mitatu au zaidi bila ajali. Rekodi zote mnazo kwenye mafaili yenu.

Ada isiyo na mantiki huzaa ujanja, na ujanja huishia kwa mkadiria hasara. Mzee anaandikisha bima kwa jina la mwanawe ili akwepe jedwali. Au kinyume: kijana wa miaka 21 anaweka gari kwa jina la babu mwenye rekodi safi, na babu haligusi. Yote mawili ni taarifa ya uongo juu ya dereva mkuu. Siku ya ajali mkadiria anauliza maswali matatu tu: funguo hukaa kwa nani, gari hulala wapi, nani hulipeleka sevisi. Majibu yakipishana na fomu, dai limekwisha. Hatuwatetei wanaofanya hivyo, lakini mkipunguza pengo la ada mtakuwa mmeondoa sababu.

Kuhusu afya, swali lenu la "Je, una ugonjwa wowote?" linamkosesha usingizi mtu mwaminifu na halimzuii mwongo. Nani ana miaka 76 na hana presha? Ulizeni mambo yanayogusa usukani. Je, katika miezi 12 umezirai au kupoteza fahamu? Umewahi kupata kiharusi au kifafa, na lini mara ya mwisho? Unatumia insulini? Unatumia dawa iliyoandikwa kwamba isitumiwe na anayeendesha? Je, ukiwa na miwani yako unafikia kiwango cha macho cha leseni? Je, daktari au mamlaka ya leseni imekuambia usiendeshe? Sita yanatosha. Na mtu akikosea kujibu bila hila, fuateni kanuni ambayo Uingereza iliiweka kwenye sheria yake ya mwaka 2012 juu ya taarifa za mkata bima: kama alilipa asilimia 70 ya ada aliyostahili kutozwa, alipwe asilimia 70 ya dai. Kumnyima yote kwa sababu ya kidonge alichosahau kukiandika si uadilifu.

Baadhi yenu mmeanza kuwapa wazee vifaa vya kufuatilia uendeshaji. Wazo si baya, ila vifaa hivyo vilipangwa kwa ajili ya vijana. Programu ya simu mara nyingi haitofautishi vizuri dereva na abiria, kwa hiyo mzee anayebebwa na mjukuu anaweza kuandikiwa makosa ya mjukuu. Kifaa kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani kinanyonya betri taratibu, na gari la mstaafu linaweza kusimama wiki mbili. Akija kuliwasha linakohoa tu. Breki ya ghafla inahesabiwa kosa, wakati kwa anayeendesha mjini breki hiyo ndiyo iliyomwokoa mtoto aliyekimbilia barabarani. Mkitaka kupima mzee, pimeni saa anazoendesha, urefu wa safari na jumla ya kilomita. Hayo matatu yanatosha kumpangia ada.

Magari yenyewe yamebadilika na jedwali halijui. Breki inayojifunga yenyewe mbele ya kizuizi imepunguza ajali za kugonga kwa nyuma kwa takriban nusu, kwa hesabu za IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima zenyewe. Kamera ya nyuma inamsaidia mtu mwenye shingo ngumu kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa kukanyaga mafuta badala ya breki, kosa ambalo hutokea hasa kwenye maegesho, Japani wanauza vifaa vinavyozuia gari lisiruke mbele ya ukuta, hata vya kufungwa kwenye magari ya zamani, na tangu Mei 2022 mtu anaweza kuomba leseni inayomruhusu kuendesha magari yenye vifaa vya usaidizi tu. Wekeni punguzo la wazi kwa vifaa hivi. Lakini lipeni pia gharama zake: kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera iliyo nyuma yake inapaswa kupimwa na kuelekezwa upya, na tunaona makadirio ya gereji yakikatwa kipengele hicho kana kwamba ni urembo. Kamera iliyopinda kidogo inasoma barabara mahali isipo.

Na gari lililofungwa vifaa kwa ajili ya mtu mwenye mkono au mguu dhaifu, kama kifundo cha kuzungushia usukani, breki inayoendeshwa kwa mkono au pedali ya mafuta iliyohamishiwa upande wa kushoto, fomu zenu zinaliingiza kwenye kisanduku kimoja na la kijana aliyefunga turbo na kukata springi. Litoeni humo. Na likiharibika kabisa, fidia ihesabu gharama ya kufunga vifaa hivyo upya kwenye gari jingine, maana bila hivyo mmemlipa gari asiloweza kuliendesha.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Taarifa ya kuhuisha bima ifike siku 30 kabla, kwa karatasi kwa anayetaka karatasi, ikionyesha ada ya mwaka jana pembeni ya ya mwaka huu na sababu ya tofauti. Uingereza imekataza tangu Januari 2022 mteja wa zamani kutozwa zaidi ya mteja mpya mwenye sifa zile zile, na wanaoumizwa zaidi na desturi hiyo ni hawa ambao hawahami kampuni. Jedwali la mwaka ujao hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo tunaomba safu ya umri ifunguliwe kwenye kikao hicho, kila ngazi ya 70, 75 na 80 iletwe na madai yake yaliyogawanywa kwa kilomita, na ngazi isiyo na ushahidi ifutwe hapo hapo.

Ni sisi,
Madalali, wakadiria hasara na wapanga ada wa bima za magari